Blanketi la Pilipili Mbuzi

Shifa alilivuta blanketi la umeme kwa mkupuo mmoja, na Ilham, aliyekuwa bado amelilalia, akabingirika hadi ukutani.

"Mama! Baridi!"

"Wewe una damu," Shifa alisema. "Mbegu haina. Jifunike hayo mawili mengine, hujafa."

Alilitandaza sakafuni chini ya dirisha, akaweka karatasi ya nailoni juu yake, kisha akapanga trei za mayai alizozijaza udongo uliochekechwa. Katika kila kishimo alidondosha mbegu mbili za pilipili, akazifukia kwa ncha ya kidole na kuzinyunyizia maji ya uvuguvugu kwa chupa aliyoitoboa kifuniko. Akawasha umeme, akaweka moto mdogo kabisa, kisha akapenyeza kiganja chini ya trei, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ilham alimtazama kutoka kitandani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na kikohozi cha wiki nzima.

"Mimi ulinipima lini?" aliuliza.

"Ukiota majani nitakupima."

Januari ya Guangzhou si baridi ya kuua mtu, ila haina pa kukimbilia. Nyumba hazina moto, unyevu unaingia mpaka kwenye mifupa, na mbegu ukiiweka nje inaoza kabla haijaamka. Anayetaka kula bamia na pilipili za bustani yake mwenyewe majira ya joto yakifika, lazima aanze ndani, angali amevaa soksi mbili. Shifa alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba katika nyumba yao ya vyumba viwili pale Sanyuanli, ghorofa ya tano, dirisha lililopata jua lilikuwa moja tu. Mengine yote yalitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kumwazima jirani chumvi bila kutoka nje. Dirisha la jua lilikuwa la chumba cha Ilham.

Kwa hiyo meza ya Ilham ya kusomea ilihamishiwa ukumbini, kando ya mlango wa choo. Mahali pake pakaja maboksi meupe ya kubebea matunda, ambayo Shifa aliyaokota nyuma ya soko na kuyatoboa matundu chini. Boksi moja lilikuwa la biringanya, moja la bamia, mawili ya mchicha. Viazi vitamu alivilaza kwenye mchanga wenye unyevu vitoe marando. Tangawizi aliikata kwa kufuata macho yake, kila kipande na jicho lake. Mbegu zote alizinunua pale pale Guangzhou, isipokuwa pilipili, ambazo alizikamua mwenyewe kutoka kwenye zile pilipili za njano za Hainan, ndugu wa damu wa pilipili mbuzi. Mwenye jengo, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, aliwaruhusu wapangaji kutumia paa baridi ikiisha. Sharti lake lilikuwa moja: kwa kula, si kwa kuuza.

Sharti hilo Shifa hakuhitaji kukumbushwa. Kibali chake kilikuwa cha mke aliyekuja kukaa na mumewe, basi. Abdulhadi, mumewe, alikuwa wakala wa mizigo, yeye ndiye aliyeruhusiwa biashara. Shifa akionekana anauza hata andazi, anarudishwa. Mwaka juzi mwanamke mmoja wa Unguja alirudishwa kwa ajili ya sambusa. Asiyeamini aende Mwanakwerekwe akamuulize. Na kibali cha Shifa kilikuwa kinaisha masika ya mwaka huo huo.

Lakini mizigo ilikuwa imepungua. Kontena lililokuwa likijaa kwa wiki sasa lilisubiri mwezi mzima, na Abdulhadi akaanza tabia ya kuingia jikoni na kuinua vifuniko. Siku aliyouliza kwa nini mchicha umenunuliwa mafungu mawili, Shifa alimkodolea macho mpaka akatoka. Kesho yake akaenda kuokota maboksi.

Abdulhadi hakumkataza. Alimpa onyo tu, huku akivaa viatu.

"Mama Ilham, wakija hawa watu wa mtaa kuandikisha wageni, wakiona huo msitu wako, watataka kujua mbegu zimetoka wapi. Mbegu za kutoka nyumbani ni marufuku kuingiza, uwanja wa ndege wanazichoma. Waambie umenunua hapa hapa. Neno lenyewe ni 'mai'. Sema 'wo mai'. Mimi nimenunua."

"Mai," alisema Shifa.

"Mai. Ulitamke kwa uhakika, usionekane unababaika."

Abdulhadi alikuwa amelitumia neno hilo miaka minane, kwenye masoko ya Guangyuan Xilu na Shiling na kila mahali, na halikuwa limemwangusha. Sokoni mtu ameshika mkoba mkono mmoja na pesa mkono wa pili, na katikati kuna kikokotoo. Hata angeliimba neno hilo kinyumenyume, hakuna ambaye angedhani anauza.

*

Mwatima alikuja kabla ya Shaaban kuisha. Yeye na mumewe walikuwa na mgahawa wenye leseni huko chini, ambako wafanyabiashara wa Dar na Unguja walikula wali wa nazi na kulalamikia bei. Hakuwa mtu wa kungoja kukaribishwa chumbani.

"Yallah! Shoga, umefungua shamba la serikali?" Alisimama mlangoni mwa chumba cha Ilham, mkono kiunoni. "Bibi shamba wa Sanyuanli! Watu wanakuja China kununua, wewe umekuja kulima!"

"Karibu, lakini usikanyage trei."

"Na hivi vipande vyeusi?"

"Kiazi kikuu. Nimekikata, nimekipaka majivu kisioze."

"Majivu? Wewe jiko lako la gesi."

Shifa alijua swali linalofuata, akalijibu mapema. "Nimeomba kwa bibi wa ghorofa ya kwanza. Anachoma karatasi za wazee wake waliokufa."

Mwatima aliweka mkono kifuani. "Astaghfirullah! Kiazi umekipaka majivu ya mizimu, halafu utuitie futari?"

"Majivu hayana dini, Mwatima. Na futari hujaalikwa."

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho kilikuwa bado hewani Ilham alipoingia kutoka shule na mkoba mgongoni, akasema shikamoo kwa sauti ya chini. Mwatima alimvuta ampe busu, halafu akamrudisha nyuma kwa mabega yote mawili, pua imekunjwa.

"Mtoto ananuka shombo huyu! Ilham, mwanangu, kwenu siku hizi mnafuga samaki?"

Harufu ilitoka kwenye pipa dogo lililokuwa nyuma ya pazia, ambamo Shifa aliozesha matumbo ya samaki na maji ya kuoshea mchele. Ndiyo mbolea yenyewe. Mfuniko wake haukubana vizuri, na sare za Ilham zilianikwa chumba hicho hicho, maana humo ndimo mlimokuwa na jua.

Shifa alicheka tena. Mwatima akacheka zaidi. Ilham alisimama katikati yao akamtazama mama yake, si Mwatima.

"Leo mwalimu amenihamisha," alisema baada ya mgeni kuondoka. "Nimekaa peke yangu nyuma. Darasa zima wananiita samaki mbichi."

"Mtu hafelishwi na harufu."

"Sare yangu ina ukungu mgongoni. Tazama."

"Ipige pasi."

"Mama, yatoe haya maboksi humu hata nusu. Yaweke chumbani kwenu."

"Chumbani kwetu hakuna jua, unajua hakuna jua, unaniuliza nini?" Shifa alikuwa ameshapiga magoti kwenye trei. "Miche ikifa sasa, bustani imekwisha mwaka mzima. Wewe ukikaa nyuma ya darasa unakufa? Mbona hapa mgeni akija unajificha nyuma, leo nyuma umepachukia?" Halafu sauti yake ikabadilika ghafla. "Subiri. Subiri! Njoo uone!"

Pilipili ya kwanza ilikuwa imetoka. Kikonyo kilichopinda, cheupe, kimebeba ganda la mbegu kichwani kama mtu aliyesahau kuvua kofia. Shifa alishusha uso mpaka pua ikakaribia udongo. Pembeni yake kulikuwa na kingine, na kingine. Alizima feni ndogo ya Ilham, ambayo siku hizi ilipuliza miche ya mchicha isioze shingo, ili isiviyumbishe hivi vichanga.

"Ilham! Njoo, mwanangu, uone vinavyotoka!"

Ilham alikuwa ukumbini, kwenye meza yake kando ya choo, akiandika kwa vidole vilivyovimba kwa baridi. Hakuja.

Huyu mtoto ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Alifika Guangzhou na miaka mitano, akaingia shule ya Kichina, na kuanzia miaka saba ndiye aliyezungumza na daktari, na benki, na fundi bomba, na wazazi wake wakisimama nyuma yake wakitabasamu. Watu wa mgahawani nao walimwita. Abdulhadi alijivunia. Siku moja Ilham alisema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kupita kiasi, "Kila mtu ananiazima mdomo, hakuna anayeurudisha." Watu wazima wakafurahi sana, wakalirudia neno hilo kwa wiki nzima kama mzaha.

*

Baridi ilipoanza kulegea zikaja zile siku ambazo kuta za Guangzhou hutoka jasho. Upepo wa kusini unaleta unyevu, sakafu inateleza, kioo kinalia machozi, nguo hazikauki kabisa. Watu wananung'unika. Shifa alifurahi. Biringanya zilikuwa na majani manne manne, pilipili zimesimama imara, marando ya viazi yametambaa nje ya boksi na kushika mguu wa kitanda cha Ilham. Wiki moja zaidi, au mbili, na vyote vingepanda paani.

Ilham alikuwa nyumbani siku hiyo, kikohozi kimemrudia. Kengele ya mlango ililia. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya mtaa anayeandikisha wageni, mtu mzima wa makamo, koti la kuzuia upepo, kishikwambi mkononi. Aliwajua. Aliangalia pasi, akahesabu watu, akauliza ya kawaida, Ilham akajibu kutoka kwenye kiti chake. Halafu mwanamke akanusa, akafuata pua yake, akasukuma mlango wa chumba.

Alisimama kizingitini. Kutoka dirishani hadi kitandani kulikuwa na kijani kitupu.

Akageuka na kumuuliza Shifa sentensi ndefu, akionyesha maboksi kwa kidole, boksi kwa boksi. Shifa hakuelewa ila neno la mwisho. Lilikuwa ni lile lile.

Ndiyo hiyo, alijiambia. Anataka kujua mbegu zimetoka wapi.

"Mai!" alisema. Alilitua neno kama anayegonga muhuri. "Wo mai! Mai, mai!" Akaonyesha biringanya, mai. Akaonyesha pilipili, mai. Akaonyesha hata feni.

Mwanamke alikunja uso. Akamtazama Ilham, akamuuliza taratibu, neno moja moja, kama mtu anayetaka kuwa na hakika kabla hajaandika.

Ilham aliinuka, akaja mlangoni. Aliangalia trei za pilipili na ncha ya blanketi lake iliyochungulia chini yake, imeganda matope. Aliangalia sare yake iliyoning'inia juu ya pipa. Akakohoa.

"Dui," alisema.

Hilo Shifa alilijua, kila mtu wa sokoni analijua. Ndiyo. Ni kweli. Kifua kikamjaa. Mtoto huyu, pamoja na kununa kwake kote, alikuwa amesimama na mama yake mbele ya mgeni. Mwanamke alipoinua kishikwambi kupiga picha, Shifa alisogea pembeni ya biringanya na kuuweka sawa mtandio wake, aonekane vizuri.

"Umeniokoa, mwanangu," alisema mlango ulipofungwa. "Leo nitakupikia tambi za sukari."

Ilham alikuwa ameyakodolea macho maboksi.

"Watakuja kuyachukua lini?" aliuliza.

"Kuyachukua nani?"

Shifa, ambaye tayari alikuwa anatafuta tambi kabatini, hakungoja jibu.

*

Ramadhani ilikuwa imeshaingia walipoitwa ofisi ya wageni. Abdulhadi hakumwamini Ilham na mambo ya polisi, akamwomba Lusajo, kijana wa Mbeya aliyesoma huko huko China na sasa akiwatafsiria Watanzania kwa malipo ya nauli na chakula.

"Shikamoo mama," Lusajo alisema.

"Marahaba, baba. Waulize tumekosa nini."

Ofisa alisoma kwenye kompyuta. Lusajo alisikiliza, akauliza kitu, akaulizwa kitu, na kila alipogeuka kuwatazama uso wake ulikuwa umezidi kusawijika.

"Wanasema unafanya biashara ya miche na mboga nyumbani. Kibali chako hakiruhusu. Wanakifupisha. Hakitahuishwa."

"Biashara gani? Hata jani moja sijauza! Bado hayajazaa!"

"Wanasema ulikiri mwenyewe, mama. Mwandikishaji alikuuliza: hivi vyote ni vya kula au vya kuuza? Ukasema, nauza. Mara saba."

"Nilisema mai! Nimenunua!"

Lusajo alishusha pumzi. "Ziko mbili, mama. Ya kununua, sauti inazama halafu inainuka, kama unauliza. Ya kuuza inadondoka mara moja, kama unagonga meza." Akazitamka zote mbili. Abdulhadi, wa miaka minane, alizisikiliza kama mtu anayesikia mlio ndani ya gari lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Wewe uliitamkaje?"

"Mai," alisema Shifa. Ikadondoka. Ofisa akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Uliidondosha."

"Niliidondosha kwa kuwa nilikuwa na uhakika!"

Lusajo akazungumza tena na ofisa, kwa muda, kwa adabu. Alionyesha mdomo wake, alionyesha Shifa. Ofisa hakuwa mkali. Alisoma mstari mwingine.

"Nimemwambia ni kosa la matamshi," Lusajo alisema. "Anasema wanajua wageni wanachanganya, ndiyo maana mwandikishaji alimuuliza mtu wa pili aliyekuwemo, anayejua lugha vizuri. Alimuuliza waziwazi: mama yako anauza? Mtu huyo akasema ndiyo."

"Mtu gani?" Abdulhadi aliuliza.

Shifa hakuuliza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya ofisa, na ofisa akamsogezea kiti.

"Ipo njia," Lusajo alisema, sauti ya chini. "Uamuzi unasainiwa kesho jioni. Mtoto akija na mzazi, akasema alikosea, akaeleza, wanaweza kulitazama upya. Siahidi. Lakini bila yeye, hakuna."

*

Ilham alikuwa amekaa kitandani, magoti juu, maana sakafuni hapakuwa na pa kuweka miguu.

"Ulijua," Shifa alisema. "Ulisikia nimesema nauza, na ulijua nataka kusema nimenunua."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilidhani watayachukua maboksi." Aliyakumbatia magoti. "Maboksi tu, Mama. Mwenye nyumba alisema si ya kuuza, nikadhani watasema toa, utayatoa. Nikuombe mara ngapi? Nilikuomba. Ulicheka na Bi Mwatima."

"Nilicheka! Kwa kicheko ndiyo unaniuza?"

"Dui bu qi," Ilham alisema, akalia. "Dui bu qi, Mama, dui bu qi."

Shifa alimkamata mkono. "Hiyo 'dui' yako nimeshaisikia! Ndiyo hiyo iliyonifikisha hapa, unanirudishia tena usoni?"

"Si ile! Ni samahani! Kwao samahani inasemwa hivyo!"

"Basi hata samahani yako inaanza kwa kunikandamiza."

Alimwachia. Alama za vidole zilibaki kwenye mkono wa mtoto, na Shifa aliziangalia, hakuzijutia. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kupanga kazi za nyumbani: "Kesho hutakwenda shule. Utavaa nguo safi, tutakwenda na baba yako, utawaambia ulivyofanya."

"Nitakwenda," Ilham alisema haraka. "Nitasema."

"Hatakwenda," Abdulhadi alisema.

Alikuwa mlangoni, hajavua koti. Shifa alidhani hakusikia sawasawa.

"Mama Ilham, fikiri. Mtoto aende akaseme alimdanganya ofisa. Wataandika. Shule itajua. Na wakishaanza kuichimba nyumba hii hawataishia kwenye bamia. Pale ofisini kwangu wamelala wageni wangapi mwaka huu bila kuandikishwa? Chacha na wenzake wamekaa mwezi mzima juu ya marobota. Kibali changu nacho ni cha mwaka huu. Wakinifutia mimi, tumekwisha wote." Alikohoa, kama aliyeona aibu ya kitu kidogo. "Bora aondoke mmoja kuliko kuondoka watatu."

"Na huyo mmoja ni mimi."

"Ni wewe uliyeotesha."

 Unyevu ulikuwa unatiririka ukutani nyuma ya kichwa cha Abdulhadi, mstari kwa mstari. Wala hakuwa amelipanga neno hilo, lilimtoka tu. Lakini lilipokwisha kutoka aliliacha hapo hapo.

Shifa alimgeukia binti yake. "Wewe umesikia. Mimi nasema twende, baba yako anasema usiende. Mdomo ni wako. Unasemaje?"

Ilham alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akatazama dirisha. Alikuwa ameacha kulia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza yeye, si kumtuma aulize.

"Baba amesema..." alianza.

"Basi," Shifa alisema. "Nimeelewa. Hilo sihitaji mkalimani."

*

Aliambiwa aondoke kabla ya Idi.

Mwatima alikuja na mfanyakazi wake na mkokoteni, mchana wa saumu. Alikaa kwanza, akafuta jicho lililokuwa kavu, akasema kikulacho ki nguoni mwako na kwamba watoto wa siku hizi ni mtihani. Halafu akasema, "Hii miche shoga usiitupe, ni dhambi. Mimi leseni ninayo. Hata nikiuza hakuna wa kuniuliza."

Abdulhadi alimtazama mkewe kwa wasiwasi. Alitegemea matusi.

"Chukua," Shifa alisema. "Pilipili usizipeleke juani siku ya kwanza, zitaungua. Zizoeshe kivulini. Kiazi kikuu kipande macho juu, na ukiwekee mti wa kupandia. Mchicha wa boksi la kushoto umebanana, upunguze."

"Na mbolea?"

"Pipa hilo hapo. Ni zito, beba mwenyewe."

Chumba kilipokwisha kuwa kitupu, Abdulhadi alirudisha meza chini ya dirisha. Sakafu ilikuwa na miraba iliyofifia mahali palipokaa maboksi. Shifa alipiga deki mara mbili, akapiga pasi sare zote, akaosha blanketi la umeme kwa kitambaa kibichi, kipande kwa kipande, akaliangika. Halikukauka. Mambo hayo aliyafanya vizuri kuliko siku zote, na katika siku zote hizo hakumwambia Ilham neno ila "kula" na "pisha".

Usafiri wa kwenda uwanja wa ndege aliutafuta Abdulhadi, na Ilham akakaa kiti cha mbele ili amwelekeze dereva. Walipofika, Abdulhadi alimsukuma mtoto begani.

"Mwombe mama yako radhi kabla hajaingia."

Ilham aliinama, akaushika mkono wa mama yake kuubusu. "Mama, nipe radhi zako."

Shifa aliuacha mkono ubusiwe. Hakuukaza wala hakuuvuta.

"Radhi kaombe kwa uliyemsikiliza," alisema, na akasukuma kitoroli hadi kaunta.

Msichana wa kaunta alichukua pasi, akatabasamu, akauliza jambo. Shifa hakuelewa. Msichana akauliza tena, polepole zaidi, akionyesha begi, akionyesha tiketi. Ilham akasogea mbele kwa mazoea ya maisha yake yote, mdomo tayari umefunguka.

"Usinisemee," Shifa alisema bila kugeuka.

Msichana wa kaunta aliuliza mara ya tatu. Shifa alinyoosha mgongo, akamtazama usoni, akaitikia kwa kichwa, ndiyo, kwa uhakika, bila kujua ameulizwa nini. Msichana alisita, akamtupia jicho yule mtoto aliyesimama nyuma.

Ilham, aliyeelewa, alinyamaza kama alivyoambiwa.